Ngara Iliposikia Kila Kitu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa mtafiti. Hakuna aliyeniteua. Nimejiteua.

Ilivyokuwa. Dada yangu Kasiva amerudi kutoka shule anakofundisha bayolojia, akaketi kitandani na viatu, jambo ambalo mimi nikilifanya hufukuzwa. Simu mkononi. Akasema Profesa Nanjala wa chuo kikuu kule mjini ametangaza nafasi ya uzamifu. Moja tu. Utafiti wa ubongo na kusikia. Yaani sauti ikishaingia sikioni, ubongo huifanyia nini. Atakayeipata analipiwa kila kitu mpaka awe daktari. Si daktari wa sindano. Daktari wa kuitwa daktari.

Kasiva ameomba nafasi kama hizi miaka mitatu. Kila mara huambiwa ajaribu tena. Mkataba wake shuleni unaisha Aprili, na mwalimu mkuu ameshaacha kumsalimia. Akiikosa hii, amesema, anafunga virago na kurudi kwa Mama kule Mwingi. Na mimi ninayelala kwa sebule yake hapa Waithaka? Nitaenda kufanya nini Mwingi? Mbuzi hawanunui earphone.

Swali lake liko hivi. Watu wanaofanya kazi kwenye kelele, je, ubongo wao umejifunza kuchuja sauti moja katikati ya zote, kuliko watu wa ofisi zenye utulivu? Profesa anataka jaribio dogo kwanza. Watu kumi wa kelele, kumi wa utulivu. Mtu anavaa earphone kubwa, anapigiwa makelele ya mjini, halafu katikati sauti ya mwanamke inataja neno. Anarudia alichosikia. Basi.

Aliposema "watu wa kelele" nilisimama. Nani Nairobi hii anawajua watu wa kelele kama mimi Kitonga? Kibanda changu cha kuuza earphone kiko Ngara. Kulia ni Oduor na spika zake. Kushoto ni Mzee Lazarus akigonga masanduku ya bati. Mbele ni mhubiri. Nikamwambia aniachie hao kumi. Akasema sawa, lakini nisiwafanye chochote. Niwalete tu.

Niwalete tu! Kama kuku.

Jumanne, 4 Machi

Nimetangaza Ngara. Oduor akauliza kama ni mimi yule yule niliyeachia shule kidato cha pili. Yeye alimaliza cha nne na D, lakini hutembea ni kama joho linaburuzika nyuma yake. Ameniita Daktari wa Nta. Ati nichunguze masikio ya watu na kijiti. Nakhumicha wa chai akacheka mpaka akamwagia mteja kikombe. Nikawaambia kila atakayekuja atapewa soda na nusu mkate. Kicheko kikaisha. Wa kwanza kujiandikisha: Oduor.

Mzee Lazarus ilibidi nimzungukie upande wa kulia. Sikio la kushoto liliondoka zamani, na la kulia liko njiani. Miaka thelathini ya nyundo na bati si mchezo. Akanishika mkono, akauliza pole pole kama majibu ya jaribio yatatangazwa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema wenye maduka wanaomletea kazi wakijua hasikii, watasema Mzee ameisha, wapeleke masanduku kwa vijana. Nikamwambia Mzee, uko kwa mikono yangu. Akanishukuru. Sijui kwa nini watu wakisikia hivyo hushukuru.

Jioni Kasiva amenipima mimi kwanza, kuhakikisha kompyuta inafanya kazi. Maneno ishirini. Mwanzoni rahisi. Halafu kelele ikapanda. Makanga wa matatu, honi, mtu wa sumu ya panya na kipaza sauti chake. Mwanamke akawa ananong'ona huko nyuma kama yuko ndani ya pipa.

Nimepata kumi na moja.

Mimi!

Nikasema earphone ni mbovu. Kasiva akasema ni zile nilizomuuzia.

Halafu akaniambia nisihuzunike, kwani hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Mtihani usio na kufeli! Dada yangu amesoma mpaka amesahau shule.

Alhamisi, 6 Machi

Hurlingham. Nimemchukia Mwololo kabla hajafungua mdomo.

Mwololo anapima masikio katika kliniki moja kule. Anamkopesha Kasiva chumba cha kupimia, na ndiye anayeleta wale kumi wa utulivu. Ana shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Kalamu mbili za nini? Mtu ana mkono mmoja wa kuandika. Anamwita dada yangu "Mwalimu" kwa sauti ya mtu anayebeba trei ya mayai. Mimi aliniita "kijana."

Chumba chenyewe ni kama friji ya kuhifadhi watu. Mlango mnene, kuta za sponji. Akanifungia ndani nijionee. Wueh! Nimesikia tumbo langu. Nimesikia macho yangu yakipepesa. Nimegonga mlango nitolewe. Mwololo akaeleza kwamba mtu asiyezoea kimya huogopa. Nikamwambia sikuogopa, nilikuwa napima mlango.

Halafu wakaja watu wake. Wahasibu, makarani wa mawakili, na msichana wa bima anayeitwa Yvonne ambaye hakunitazama hata niliposimama kwenye mwanga. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na tatu. Yvonne kumi na sita. Na mimi kumi na moja yangu imekaa mahali kwenye kompyuta, inanitazama.

Mwololo hakujigamba. Angejigamba tungeelewana. Alitabasamu tu, akasema, "Haya, tutaona za Ngara."

Naijua hiyo sauti. Ni sauti ya shule ya mabasi ikiikaribisha shule ya miguu kwenye mashindano. Ngara ishindwe na watu wanaokunywa kahawa kwenye vikombe vya mwanasesere? Juu ya maiti yangu. Juu ya ya Oduor kwanza.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, Kasiva alinieleza kitu ambacho sikukiomba. Ati amechagua masikio kwa sababu ya Baba. Baba alisaga mahindi ya watu kwenye mashine kule Mwingi hadi masikio yakafa. Miaka ya mwisho ulikuwa ukimwambia kitu anatikisa kichwa na kusema, "Vizuri, vizuri." Nakumbuka. Siku niliyofukuzwa shule nilimwendea nikamweleza yote. "Vizuri, vizuri," akasema, akanipiga begani. Mimi siku ile nilifurahi. Kasiva anasema yeye alilia, kwa sababu alimwambia Baba amepita kwenda chuo kikuu na jibu likawa hilo hilo. Hakujua kama limefika.

Nikamnunulia mahindi choma.

Ijumaa, 7 Machi

Nina akili. Acha niandike hivyo mapema, kabla mtu hajaniambia vingine.

Jumanne, Kasiva akinipima, alitamka jambo la ajabu. Alisema mpangilio wa maneno ni ule ule kwa kila mtu, ndiyo aweze kuwalinganisha. Ule ule! Dada, hayo ni ya kusema mbele yangu? Na baada ya kunipima aliyacheza yote kwenye spika bila kelele, ahakikishe yako sawa, na simu yangu ilikuwa mfukoni inarekodi. Si kwa nia mbaya. Hurekodi tu, mkono umezoea.

Kipawa hiki ndicho kilichonitoa shuleni. Kidato cha pili, mtihani wa jiografia, darasa lote lilipita sabini, pamoja na Nthiwa ambaye siku hiyo alikuwa hospitalini. Mwalimu mkuu aliuita uovu. Mimi niliuita umoja.

Basi leo mchana nimefungua masomo ya ziada nyuma ya kibanda cha Nakhumicha. Kumi wote wamefika. Na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini tunafundishwa majibu. Hapo ndipo ninapowapenda watu wetu. Mwambie Mkenya kuna mtihani, swali la kwanza ni kama umevuja. Oduor peke yake ndiye alileta maneno, na neno lenyewe lilikuwa kama huu mwakenya, yaani majibu ya kuingia nayo kwa siri, ni wa ukweli ama ni ule wa kuuziwa na matapeli. Nikamchezea sauti ya mwanamke mwenyewe kwenye simu. Akavua kofia.

Shida ikawa kukariri. Wengine hawasomi bila miwani, na Mzee Lazarus simu haisikii. Nikawatungia. Maneno ishirini, pambio moja la kanisani, yakaingia kama mguu kwenye soksi. "Sufuria, ngazi, mbuzi, kiberiti! Daraja, pazia, kijiko, shati!" Nakhumicha akaweka sauti ya pili. Mistari mitano, na kila ukimaliza wa tatu unapiga makofi mara mbili ndiyo usipotee. Wapita njia walisimama. Mama mmoja alituuliza ibada yetu ni ya siku gani.

Mzee Lazarus ndiye aliyeshika haraka kuliko wote. Akiangalia midomo yetu na kuhesabu kwa vidole. Alipomaliza yote bila kosa, alicheka na meno yote aliyobaki nayo. Akasema ni miaka mingi hajui kitakachosemwa kabla hakijasemwa. Kawaida hajui hata baada.

Nikawaonya wasiimbe kule. Waseme tu. Wakaapa.

Jumamosi, 8 Machi

USHINDI.

Wamekuja Hurlingham na nguo za kanisani. Oduor na tai. Mlinzi wa kliniki akauliza ni harusi ya nani.

Wakaingia mmoja mmoja kwenye friji. Nakhumicha: ishirini. Oduor: ishirini, akatoka akiniinamia kama balozi. Wa tatu, ishirini. Wa nne. Wa tano. Kufikia wa sita Kasiva akasimamisha kila kitu, akachunguza nyaya. Mwololo naye akachunguza nyaya. Akavaa earphone yeye mwenyewe, akafungiwa, akajipima.

Kumi na nne! Mpima masikio! Nilitoka nje nikacheka nikiwa nimeshika mti.

Niliporudi, Kasiva alinivuta kando. Akaniuliza, akinitazama moja kwa moja, kama nimewaambia watu hawa chochote. Nikamjibu ndiyo, nimewaambia wasichelewe. Akazidi kunitazama. Ana macho ya Baba, hiyo ndiyo shida yake. Sikupepesa. Nilikuwa nimefanya mazoezi ndani ya kile chumba.

Wa mwisho Mzee Lazarus, niliyemfundisha kuhesabu pumzi tatu kati ya neno na neno tangu avalishwe. Ishirini.

Kasiva akatoka chumbani mkono ukiwa mdomoni. Akasema sikio la yule mzee karibu limekufa, hata yeye akimsalimia hasikii, na bado ameyapata yote. Akasema huenda ubongo unasikia pale sikio lilipochoka. Kama ni hivyo, hii si nafasi ya uzamifu tu, haya ni makubwa. Mwololo akasema taratibu kwamba kumi wote kupata zote si kawaida, angalau arudie na maneno mengine. Nikasema wivu ni ugonjwa na kliniki ni yake, ajitibu. Kasiva alimsikia Mwololo, nina hakika. Aliinamisha kichwa kidogo. Lakini mtu aliyesubiri mvua miaka mitatu haiulizi imetoka wapi.

Akanikumbatia. Kasiva! Mbele ya Oduor! Shingo yangu ililowa machozi yake.

Lazima nikiri shingo hiyo imekuwa ikiniwasha tangu hapo.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani Waithaka mchungaji aliita wenye ushuhuda. Kasiva hakusimama. Ni mnyenyekevu, ni ugonjwa wa kwetu, mimi haukunipata. Nikasimama kwa niaba yake. Nikatangaza kwamba katika nyumba yetu Bwana ameinua daktari, na kwamba utafiti umethibitisha watu wa Ngara ndio wanaosikia kuliko wote Nairobi. Makofi. Mchungaji akamwita mbele, akamwekea mikono. Kina mama wa ushirika wakamzunguka. Kasiva alikuwa anatabasamu na kunikanyaga mguu kwa pamoja.

Mama amepiga simu. Habari ilishafika Mwingi, sijui kwa njia gani, na kwa "sijui" namaanisha nilimpigia. Amepiga vigelegele mpaka simu ikakatika. Akapiga tena, akauliza kama daktari wa aina hii anaweza kumtazama goti.

Jioni Kasiva amepika muthokoi na nyama. Akiosha vyombo akawa anaimba. Sijamsikia akiimba tangu tumzike Baba. Nilitaka kumwambia kitu. Nikaongeza muthokoi badala yake.

Jumanne, 11 Machi

Profesa Nanjala amejibu. Amesema matokeo haya ama ni makubwa sana ama ni mabaya sana, na anataka kujua ni yapi. Alhamisi Kasiva afike mjini, awaeleze yeye na wenzake wawili. Na aje na mmoja wa waliopimwa. Ikiwezekana yule mzee.

Kasiva amenyoosha suti ile ile mara tatu.

Hofu ni ya watu wasiojiandaa. Nimekimbia kwa Mzee Lazarus kumpa marudio. Yuko sawa. Analiimba akigonga bati, analiimba akinywa chai. Nikamsisitizia jambo moja kubwa: asitaje neno lolote mpaka alisikie ama aone mtu amempa ishara. Nilikuwa nimesimama kushoto kwake, kulia kulikuwa na moto wa kuchomelea. Alitikisa kichwa. Akaniambia vizuri.

Nimetulia sasa.

Alhamisi, 13 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Chumba kiko ghorofa ya juu, madirisha yanatazama mjini. Profesa Nanjala ni mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa uzi, sauti ya mwalimu wa zamu. Kando yake wanaume wawili wenye vipara. Mimi niliingia kama msaidizi. Nilibeba waya.

Kasiva akazungumza. Sikuelewa hata sentensi moja na ilikuwa nzuri ajabu. Alieleza sauti inavyosafiri kutoka sikioni hadi ubongoni, akaeleza wanaoishi ndani ya kelele, akamtaja Baba kidogo tu, bila kusema ni Baba. Kipara mmoja aliacha kuandika akawa anasikiliza. Profesa alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Nikajiambia, Kitonga, umefanya hii. Hii ni kazi yako.

Halafu Profesa akasema amwone Mzee.

Mzee Lazarus akaketi. Suti ya kahawia, kofia magotini. Profesa akamvalisha earphone mwenyewe, kwa upole kabisa, halafu akageuka kutafuta mahali pa kuchomeka waya. Waya ulikuwa bado mkononi mwake.

Lakini kwa Mzee, kuvalishwa ndiyo ishara.

"Sufuria!" akasema. Kwa sauti ile ya watu wasiosikia sauti zao wenyewe. Madirisha yakaitika. "Ngazi! Mbuzi! Kiberiti!"

Profesa akautazama waya. Akamtazama Mzee. Akautazama tena waya.

"Daraja! Pazia! Kijiko! Shati!"

Nilimpungia mkono. Akaona ninamtia moyo. Kufikia mstari wa tatu maneno yakaanza kupata tuni. Hakuweza kujizuia, mdomo umezoea. Akamaliza mstari na kupiga makofi mara mbili, pa, pa, halafu akanigeukia, kama tulivyokuwa tukifanya Ngara, nilete mstari wa nne.

Na mimi nikauleta.

Sijui kwa nini. Ulitoka wenyewe. Tumeimba mimi na Mzee Lazarus, ghorofa ya juu ya chuo kikuu, mpaka neno la ishirini. Kipara mmoja alikuwa amefunika uso na faili, mabega yakiruka.

Kasiva hakunitazama. Alifunga kompyuta pole pole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Akasema, "Profesa, matokeo haya si ya kweli. Nayaondoa. Sikujua, lakini ilikuwa kazi yangu kujua."

Profesa akamwambia anaamini hakujua. Akasema pia kwamba amezungumza vizuri kuliko wote waliokuja wiki hii. Halafu akasema nafasi ni moja na kesho lazima apeleke jina, na jina hilo haliwezi kuwa la mtu ambaye jaribio lake limeimbwa. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Kisha akamsogelea Mzee kwa sikio la kulia, akamuuliza ni lini alisikia vizuri mara ya mwisho. Mzee akafikiri. Akasema kuna mjukuu wake ana miaka tisa, na hajui sauti yake ikoje. Profesa akamwandikia mahali pa kwenda kupimwa masikio kikweli, na akamwambia hakuna mwenye duka atakayeambiwa.

Huko chini Moi Avenue Kasiva alitangulia mbele yetu. Nilimwita. Nikamwita tena. Mwanamke mwenye masikio mazima mawili hakusikia kitu.

Ijumaa, 14 Machi

Nafasi amepewa kijana aliyepima panya.

Panya! Lakini nikifikiria, naona faida yake. Panya huwezi kuwakusanya nyuma ya kibanda cha chai.

Kasiva hajasema neno tangu jana. Ameenda shuleni, amerudi, amesahihisha vitabu vya watoto. Blanketi langu nimelikuta limekunjwa na kuwekwa karibu na mlango. Halikutupwa nje. Karibu na mlango tu. Nimelitazama muda mrefu nikijaribu kulielewa.

Mama amepiga, akauliza daktari anakuja lini, kuna majirani wanataka kupanga sherehe. Kasiva akaniwekea simu mkononi na kuingia jikoni. Nikamwambia Mama laini ni mbaya. Akasema anasikia vizuri sana. Nikasema mimi ndiye sisikii.

Ngara wanajua yote. Oduor amesema la muhimu ni kwamba tuliishinda Hurlingham. Nilingoja acheke. Hakucheka, alimaanisha. Nakhumicha ndiye aliyeniuma. Nilitegemea matusi, akanimiminia chai na kuuliza, "Na dadako ako aje?"

Nikasema ako sawa. Nikamrudishia kikombe kikiwa kimejaa.

Jumapili, 16 Machi

Hatukwenda kanisani. Nani atasimama mbele ya wale kina mama?

Baada ya chakula Kasiva aliongea. Aliketi mkabala nami, mikono mezani, kama nimeitwa ofisini. Akasema hakuhitaji Ngara ishinde. Akasema Mzee Lazarus angepata tatu, tatu ingekuwa dhahabu, kwa sababu ingekuwa yake. Akasema miaka yote ya Baba alitamani amwambie mara moja tu, "Mwanangu, hilo sijalisikia." Mara moja. Angerudia kwa furaha. Hilo ndilo jaribio lilikuwa likiuliza watu: niambie usichosikia. Na mimi niliwafundisha kutikisa kichwa.

Niliona uchungu sana. Nikamwambia nimeelewa. Nikatikisa kichwa.

Akanitazama hivi, akapumua.

Halafu akasema Mwololo ameona tangazo jingine. Chuo kingine, kazi ile ile ya ubongo na kusikia, mwisho wa kuomba ni kabla mkataba wake haujaisha. Atajaribu mara moja tena. Ya mwisho. Maneno mapya, kila kitu kuanzia mwanzo. Watu wa Ngara watarudi, lakini atakayewaita ni Mwololo. Mimi nisikaribie. Nisiwasalimie hata. Nikaapa kwa kaburi la Baba.

Blanketi limerudi kwenye kochi. Amelirudisha mwenyewe.

Jumatatu, 17 Machi

Siku nzima nimetafakari tulikosea wapi. Nimejichunguza bila kujionea huruma. Na nimepaona.

Zilikuwa ishirini zote! Tamaa. Mtu wa Ngara akipata kila kitu, nani ataamini? Hata polisi huuliza. Kosa halikuwa kufundisha. Kosa lilikuwa kufundisha kupita kiasi.

Kasiva ananihitaji na hajui. Nafasi ya mwisho hii! Nitamwachia Mwololo, mtu wa kumi na nne? Alikuja Ngara leo asubuhi na kalamu zake mbili, akawaomba watu kwa adabu, wakakubali wote. Alipoondoka tu, wakaja kwangu moja kwa moja kuuliza kama huu nao umevuja.

Umevuja. Kompyuta hulala sebuleni, na sebule ndiyo chumba changu. Nywila ni jina la Baba. Sikufurahi nikiliandika, lakini nililiandika.

Safari hii ni utaalamu mtupu. Nimempangia kila mtu ya kupata na ya kukosa. Nakhumicha akose nne, zilizotawanyika. Oduor akose tisa. Amelalamika sana, ati aibu, ati yeye ana kidato cha nne, nikamwambia ndiyo maana tunaamini ataweza. Hakuna kuimba. Hakuna makofi. Na wote wakunje uso kidogo kabla ya kujibu, kama wanafikiria.

Mzee Lazarus nimempa kumi na saba za kukosa. Akakaa akiniangalia midomo mpaka nikamaliza. Ameshaenda kupimwa kule alikoelekezwa na Profesa, na naona kumemharibu, siku hizi anasema tu mbele za watu kwamba hasikii. Akaniambia, "Kijana, kwa kukosa mimi sihitaji mwalimu. Wanipigie tu hizo kelele, masikio yatakosa yenyewe."

Nikamzungukia upande wa kulia, nikamwambia aache kabisa kutegemea masikio. Atakosa zile nilizompangia.